Mitego Isiyonasa Kitu

Mwenyekiti wa kikundi cha msitu alifungua kufuli la banda la zana, akausukuma mlango kwa bega, akampisha Inspekta atangulie kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni. Ndani kulinuka udongo mbichi na mafuta ya taa. Majembe yalisimamishwa pembeni, mapanga yamefungwa kamba, na kwenye rafu vilikaa vibanda vya ndege ambavyo bado havijapigiliwa mapaa. Lakini Mwenyekiti hakumleta kuangalia hayo. Alinyoosha mkono kuelekea ukuta wa nyuma.

"Ndiyo hiyo, afande. Tumeitundika yote. Kila mtego tulioutegua."

Ukuta mzima ulikuwa waya. Vitanzi vilining'inia kwenye misumari, vingine vya kupitisha kichwa cha mbuzi, vingine vidogo vya kumtosha sungura. Inspekta alivaa glavu, akaanza kuviteremsha kimoja kimoja na kuvipeleka dirishani.

Koplo wake, jamaa mrefu mwenye viatu vipya alivyokuwa akivionea huruma tangu wavuke uzio, alibaki mlangoni akikwangua tope kwa kijiti.

Kilichowaleta ni Nesi. Alikuwa mama mtu mzima, mstaafu wa hospitali ya wilaya, lakini mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Jumamosi iliyopita aliingia msituni na wenzake kung'oa magugu kama ilivyokuwa desturi yao. Mchana fundi cherehani mmoja wa kikundi hicho akamkuta kwenye korongo, mguu umenaswa na waya, kichwa kimepiga jiwe, kimya, hajitambui. Mpaka sasa alikuwa hajafumbua macho. Mkuu wa kituo alimkamata mwenye bucha ya pale njia panda, kwa sababu kwenye friza yake kulikutwa nyama ya paa na kwenye stoo yake waya. Jumatatu angepandishwa kizimbani. Kwa Mkuu, kazi ilikuwa imekwisha. Inspekta aliomba muda mpaka Jumatatu, akapewa kwa shingo upande.

"Hivi mnaviosha?" aliuliza, kitanzi kikiwa mkononi.

"Kuosha waya?" Mwenyekiti alicheka. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, shati limechomekwa vizuri, kofia ya jua imening'inia mgongoni. "Tunavitoa, tunavitundika. Basi."

"Havina damu. Havina unyoya wala singa." Alichukua kingine, akakipitishia kidole taratibu. "Mnyama akinaswa hutapatapa. Waya hujikunja, hung'atwa, ngozi hubaki. Hivi vimenyooka kama vimetoka dukani. Mnyama wa mwisho mliyemkuta amenaswa alikuwa gani?"

"Kwa kweli hatujawahi kumkuta hata mmoja."

"Hata mmoja?"

"Ndiyo sifa yetu, afande! Tunaiwahi. Yaani Jicho anaiwahi. Karibu yote hiyo unayoiona ni ya kwake. Sisi wengine tunatembea tunaangalia majani, yeye anasimama ghafla, ananyoosha kidole, 'ule pale'. Unainama, kweli upo."

Jicho alikuwa shemeji yake Nesi, mdogo wa marehemu mume wake. Zamani aliendesha lori la kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilipofungwa, akabaki hivi hivi.

Inspekta alikirudisha kitanzi kwenye msumari wake. "Kabla ya mitego, kikundi kilikuwaje?"

"Tulikuwa tunakufa. Watu wangapi wanapenda kung'oa magugu bure? Ila taarifa za mitego ziliposambaa, redio ikaja, gazeti likaja, vijana wakajaa. Na halmashauri, iliyotaka kufyeka upande wa barabarani ijenge maegesho ya magari, ikaurudisha mpango wake kabatini."

"Kwa hiyo mitego imewafaa."

Shingo ya Mwenyekiti ilibadilika rangi. "Sijapenda ulivyolisema hilo."

"Sijalisema kwa ubaya. Nimeuliza tu." Inspekta alivua glavu. "Nipeleke kwenye miti."

Walizunguka asubuhi ile nzima. Msitu wenyewe haukuwa mkubwa. Ukisimama katikati bado ulisikia honi za barabarani. Lakini ulikuwa umetunzwa. Vijia vimefagiliwa, vijito vimezibuliwa takataka, miche imezungushiwa vijiti isikanyagwe. Tumbili waliwafuata kwa juu wakiwatupia maganda, na Koplo akawaambia kwa upole kwamba kumpiga askari ni kosa la jinai.

Kila Mwenyekiti aliposema "mmoja ulikuwa hapa", Inspekta alipiga magoti, akaupapasa mti. Waya iliyokaa kwenye mti mchanga wakati wa mvua huacha alama. Gome hubonyea, kutu huchora mstari. Hapa magome yalikuwa laini kama mashavu ya mtoto. Waya zile hazikuwa zimekaa. Zilifungwa, na muda si muda zikafunguliwa.

Halafu kulikuwa na jambo jingine. Vinyesi vya paa na njia za nungunungu alizikuta vichakani, pembeni kabisa. Mitego ilikuwa kandokando ya vijia vya watu.

"Hapa anapita nani?" alimwuliza Koplo, akionyesha mti wa mwisho.

Koplo alitazama chini. "Mimi na viatu vyangu, afande."

*

Mwenye bucha aliletwa kutoka mahabusu akiwa amekunja uso. Lilikuwa jitu la mtu, na kiti cha chumba cha mahojiano kililalamika chini yake.

"Nimeshamwambia mkubwa wako," alianza kabla hajaulizwa. "Nyama ya paa nilinunua. Kwa mtu wa mbali huko, aliniletea nyumbani, nikaingiwa na tamaa. Hilo kosa langu, nihukumiwe nalo. Lakini msinibebeshe na la yule mama. Alinichoma sindano mimi tangu sijaota meno!"

"Msitu ule unaujua?"

"Mara ya mwisho kuingia nilikuwa namfukuza mbwa aliyekimbia na utumbo wangu. Sikumpata. Wala utumbo sikuupata."

Inspekta aliweka waya mbili mezani. "Hii imetoka stoo kwako."

"Waya ya klachi. Nina pikipiki mbili za kupelekea wateja nyama. Klachi hukatika. Ni dhambi?"

"Na hii ni ya aina ile ile iliyokuwa mguuni kwa Nesi."

Inspekta alizichukua zote mbili, akazinyanyua kwenye mwanga. Ya kwanza ilikuwa nene, nyuzi nyingi zimesokotwa pamoja. Ya pili ilikuwa uzi mmoja laini uliokunjwa mara mbili, ile ya kufungia nondo, inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Hiyo ya pili aliizungusha kwenye mguu wa meza, akavuta kwa nguvu zake zote. Ilijikunja, ikalegea, kisha ikakatika.

Mwenye bucha alitazama kile kipande, akamtazama yeye.

"Paa mzima wa afya njema angeikata," Inspekta alisema. "Mtu wa nyama angetumia hii ya kwako."

"Basi niachieni."

"Mkuu atasema ulikuwa nazo za aina mbili, moja ukaimaliza."

"Sasa umenileta hapa kunionyesha nini, dada yangu?"

"Nilitaka kukuona ukiitazama," alisema, akamwita askari amrudishe.

*

Binti yake Nesi alikuwa kwenye korido ya hospitali, nje ya wodi, amejifunga khanga juu ya sare za kazini. Alikuwa mtu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na macho yalikuwa yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Daktari anasema damu ilivujia ndani muda mrefu," alisema. "Angeletwa mapema, asubuhi ile ile, pengine tungekuwa tunazungumza naye sasa hivi. Sasa wanasema tusubiri."

"Nani wanakuja kumwona?"

"Wengi. Mwenyekiti alikuja na mpiga picha, nikawafukuza wote wawili." Alijifuta pua. "Baba mdogo anakuja kila siku. Jicho. Ila haingii. Anakaa kwenye hilo benchi mpaka muda wa kuona wagonjwa uishe. Ukimwambia aingie anasema viatu vyake vina tope. Jana nilimtazama miguuni, alikuwa amevaa kandambili safi kabisa."

Inspekta alilitazama lile benchi.

"Mama alitoka nyumbani mapema Jumamosi ile?"

"Kabla ya wenzake. Nilimkuta jikoni anatia koleo kwenye mkoba, lile la kukatia waya. Nikamwuliza, mama, koleo la nini, kwani siku hizi umekuwa fundi umeme? Akasema anataka kumwokoa mtu na aibu."

"Nani?"

"Nikauliza hivyo hivyo. Akaniambia, wewe kunywa chai yako."

"Koleo tulilikuta mkobani. Halikuwa limetumika."

Binti alipunguza sauti. "Afande, huyo mtu wa aibu ndiye aliyemwumiza mama?"

"Sijui bado. Wenye cha kupoteza msitu ukikosa mitego ni zaidi ya mmoja. Nataka Jumamosi hii kazi iendelee kama kawaida. Kila mtu apewe eneo lake, atafute mitego. Mwenyekiti atatangaza kwamba ni kwa heshima ya mama yako. Naomba uwepo."

"Nitafute mitego mahali alipoangukia mama?"

"Ukae bandani tu. Watu wakikuona hawatakataa kushiriki."

*

Jumamosi kulipokucha, kabla ukungu haujainuka, Inspekta na Koplo walikuwa ndani ya msitu na roli ya waya. Walitega yao. Kila kitanzi walikifunga fundo kisiweze kujikaza, asije mtu mwingine akaumia, na walivitega mahali ambapo mtegaji mwenye njaa angevitega, yaani kwenye njia za paa, chini ya miti iliyodondosha matunda. Koplo alikuwa amekuja na mabuti ya kuazima, makubwa kuliko miguu yake, na kila hatua yalisema "pwa".

"Mwenyekiti tumemwekea?" Inspekta aliuliza.

"Eneo lake lote, tangu kwenye bomba la maji. Na fundi cherehani tumemwekea."

"Na Jicho?"

"Yeye tumemjazia."

Watu wakaja. Walivaa vizibao vyao vya kijani, wakasimama mbele ya banda huku wanapeana pole. Jicho alifika mwisho. Alikuwa mwembamba, nywele zimeanza mvi masikioni, begi dogo begani. Alimkumbatia binti yake Nesi, akamsalimu Inspekta kwa adabu zote.

"Shikamoo sikuamkii, afande, umri wetu tofauti. Ila pole na kazi."

"Nimeshapoa. Leo tunakutegemea wewe."

"Tutajitahidi," alisema, akaingia msituni.

Inspekta aliketi kwenye shina la mti uliokatwa, akangoja. Wa kwanza kurudi alikuwa fundi cherehani, mama mnene mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa. Alikuwa ameshika kitanzi kwa vidole viwili kama ameshika mkia wa panya.

"Nimeuona! Mimi mwenyewe! Nimeinama kuokota leso, huo hapo!"

Ulikuwa wa Inspekta.

Mwenyekiti alirudi na mmoja, amejaa jasho na matusi dhidi ya wawindaji. Nao ulikuwa wa Inspekta. Vijana wawili walileta mingine. Hata mzee wa msikitini aliyekuja kunyoosha miguu tu alileta wake. Inspekta aliwashukuru wote, akaipanga mitego kwenye nyasi, akamkonyeza Koplo. Koplo akatoweka taratibu kuelekea upande wa Jicho, mabuti ameyavua na kuyakamata mkononi.

Jicho alirudi jua likiwa limeshakuwa kali. Mkononi alikuwa na mtego mmoja.

Nyuma yake, mbali kidogo, Koplo alitokeza pekupeku. Alimtazama Inspekta, akatikisa kichwa mara moja. Mitego yote waliyomtegea Jicho ilikuwa ingali pale pale.

Inspekta alisimama, akaupokea ule mtego. Waya ya nondo. Uzi mmoja, umekunjwa mara mbili. Yeye na Koplo walikuwa wametumia waya ya shaba.

"Njoo unionyeshe ulipoutoa," alisema.

*

Alimpeleka kwenye mkuyu ulioinama, karibu na mzinga wa nyuki. Chini yake tu kidogo ndipo lilipoanzia korongo alimoangukia Nesi.

"Hapa," alisema Jicho. "Upande wa kijia. Kimo cha kifundo cha mguu."

"Mti huu?"

"Huu huu."

"Leo alfajiri niliukumbatia mti huu nikitafuta pa kufunga mtego wangu. Nyuki wakanitisha, nikaacha. Haukuwa na waya."

Jicho alitabasamu kwa huruma. "Inawezekana hukuuona, afande. Kulikuwa na ukungu. Na si kila mtu ana..."

"Jicho?"

Tabasamu lilibaki usoni, ila halikuwa na mwenyewe tena.

"Fundi cherehani anayevaa miwani ya kutishia watoto kauona wa kwake," Inspekta aliendelea. "Mzee wa watu kauona wa kwake. Wewe umepita kando ya mitego yangu yote. Mmoja umeuburuza kwa kiatu, tulipopita sasa hivi nimeziona nyuzi za suruali yako pale. Macho yako huona mitego uliyoitega mwenyewe tu. Fungua begi."

Hakubisha. Ndani ya begi kulikuwa na chupa ya maji, kofia ya mvua, na roli ya waya ya nondo iliyokatwa karibuni, ncha yake bado inang'aa.

Koplo alikuwa ameshafika. Alisimama upande wa kijia, mabuti yake yamening'inia begani.

"Kitu kimoja sijakielewa," alisema Inspekta. "Mwenye bucha yuko ndani. Mtego mpya ukionekana leo, unamtoa yeye na unaturudisha kwenu. Kwa nini uliutega?"

Jicho alijishusha chini, akakaa juu ya mzizi.

"Ndiyo maana niliutega," alisema. "Ili mumwachie yule bwana."

"Ungekuja kituoni useme."

"Niseme nini? Kwamba ni mimi?" Alisugua magoti yake. "Kiwanda kilipofungwa nilikaa nyumbani mpaka mke wangu akaichoka sura yangu. Alipoondoka, shemeji ndiye aliyenivuta huku. Njoo ung'oe magugu, usioze kitandani. Mtego wa kwanza ulikuwa wa kweli, afande. Kutu tupu, wa zamani. Niliuona kwa bahati tu. Watu wakanibeba juu juu. Wakanipa jina. Wiki iliyofuata nikatafuta, nikakosa. Iliyofuata, nikakosa. Wakaanza kuniuliza, vipi, Jicho, umezeeka? Utani tu. Basi nikaenda dukani nikanunua waya."

"Na Nesi alijua."

"Aliniona Ijumaa nikifunga. Hakusema kitu. Jumamosi akanivizia mapema, hapa hapa. Akaniambia, shemeji, nimekuja na koleo. Nionyeshe yote, tuikate sisi wawili kabla watu hawajafika, na habari hii tutaizika. Nami nikajifanya sijui anazungumza nini. Nikamwambia uzee unamchezea macho. Nikaondoka nikamwacha. Nilipanda kule juu kwenye miche. Mbali kabisa. Sikujua kama ameamua kuitafuta peke yake. Ningejua ameshuka huku, Mungu shahidi, ningemfuata. Maana alivyokuwa anaita vile, jamani kuna mtu, jamani kuna mtu, kama angekuwepo hata mmoja wa karibu..."

Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka mzingani. Inspekta hakujongea.

"Nani amekuambia kwamba aliita?"

"Si... mtu akianguka huita."

"Alikutwa hajitambui. Fundi cherehani alimkuta kimya. Daktari hajamsikia neno, binti yake hajamsikia neno. Hakuna mtu kwenye faili langu aliyesikia Nesi akiita." Alichuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. "Nawe umenipa mpaka maneno aliyoyasema."

Jicho alitazama chini korongoni.

"Nilikuwa njiani narudi. Nilirudi ili nimwambie haya, tuikate. Nakuapia nilikuwa narudi kumwambia." Alinyoosha kidole kuelekea mti mkubwa wenye mizizi iliyosimama kama mbao, ukingoni mwa korongo. "Nikamsikia. Nikasimama pale."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama."

"Ulimwona?"

"Mguu. Na mkono mmoja. Mkono ulikuwa unashika majani, unaachia, unashika." Alifumba macho. "Nikafikiri, nikitokea mimi wa kwanza, kwenye mtego huu, shemeji atasema mbele ya watu. Ataniita jina langu la zamani. Halafu nikafikiri, leo watu wamejaa msituni. Lazima kuna mtu atapita. Nikawa namsubiri huyo mtu."

"Akapita?"

"Alipita fundi cherehani. Mchana."

"Na wewe muda wote huo?"

"Nilikwenda juu kumwagilia miche."

Koplo aliyashusha mabuti yake chini, akageuza uso upande mwingine. Inspekta aliinuka, akajipangusa majani magotini. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile ile ya kazini.

"Utalieleza hili mbele ya wakili, na wakili wako atasema ulikuwa mbali, kuna upepo, kuna ndege, hukusikia vizuri, ulidhani ni mtu mwingine. Kwa hiyo nataka kujua kabla hajaniambia. Koplo, shuka mpaka kwenye lile jiwe. Lala kama tulivyochora kwenye mchoro. Useme maneno aliyoyasema, mara mbili. Usipige kelele. Sema kama mtu aliyeishiwa nguvu."

Koplo alishuka korongoni akishikilia mizizi. Walisikia changarawe zikiporomoka, kisha wakamwona akijilaza, shavu juu ya jiwe.

"Na wewe," Inspekta alimwambia Jicho, "simama pale uliposimama."

"Afande..."

"Simama pale."

Alikwenda. Alijiegemeza nyuma ya mzizi mmoja, bega ndani ya shimo la gome, kama mtu anayepajua. Inspekta alisimama ubavuni pake. Kutoka pale, jiwe lilikuwa jirani kiasi kwamba mtu angeweza kulitupia kofia ikatua juu yake. Upepo ulikuwepo, na ndege walikuwepo.

"Jamani," alisema Koplo kutoka chini, polepole, kama anayeomba maji ya kunywa, "kuna mtu?"

Kila herufi ilifika. Ilifika hata pumzi aliyoivuta katikati ya maneno.

"Jamani, kuna mtu?"

Koplo alinyamaza, akakaa vilevile, shavu juu ya jiwe, akingoja kuambiwa ainuke. Inspekta alitoa pingu kiunoni. Alipomgeukia Jicho alimkuta ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, mgongo umebanwa kwenye mti.

"Mwambie aache," alisema Jicho. "Nakuomba, afande. Mwambie aache."

"Ameshaacha," alisema Inspekta.